Iringa hadi Mbeya kwa Njia ya Juu: Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku Saba kwa Gari

Kutoka Iringa kwenda Mbeya kwa barabara kuu ni safari ya siku moja. Mwongozo huu ni wa njia nyingine. Unaiacha barabara kuu pale Makambako, unapanda Njombe, unapanda tena Makete, unavuka uwanda wa Kitulo ulio juu ya mita 2,600, ndipo unateremka Mbeya. Nimeipita mara kadhaa, kiangazi na masika, na kila mara mambo yalipoharibika chanzo kilikuwa kilekile: nilipanga kwa kilomita. Kule juu kilomita hazikuambii kitu. Uliza utapanda kiasi gani, utateremka kiasi gani, na jua limebakiza saa ngapi.

Wengi wakisikia uwanda mtupu wa juu, wenye baridi ya usiku na jua kali la mchana, wanafikiria nchi za mbali. Tunao hapahapa. Ukisimama Kitulo mwezi wa Septemba, majani yamekauka rangi ya shaba, mti huuoni hadi macho yachoke, na upepo unavuma kana kwamba dunia haina watu. Kisha mvua zikija, uwanda uleule unageuka bustani.

Msimu kwanza, gari baadaye

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na upande wa Tukuyu mvua hukawia kuondoka. Juni hadi Oktoba ni kiangazi, Juni na Julai zikiwa kilele cha baridi.

Maua ya Kitulo huchanua Desemba hadi Aprili. Hapo ndipo utakapoyaona yale yaliyowafanya wenyeji wapaite Bustani ya Mungu: zaidi ya aina 350 za mimea, ikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Lakini maua na tope huja pamoja. Ukitaka maua, uwe na gari la fo-wili lililoinuka, dereva aliyekwisha kuendesha kwenye utelezi, na siku mbili za akiba ambazo hujazipangia kitu. Ukikosa kimojawapo kati ya hivyo vitatu, nenda kiangazi. Naisema hivi kwa sababu nimewaona watu wakiingia Februari na gari la chini kwa kuwa picha za maua ziliwavutia, wakaishia kulala ndani ya gari njiani na watoto.

Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, ushauri wangu ni Septemba au Oktoba. Baridi imelegea, barabara za udongo zimekauka, na anga huwa wazi kiasi cha kuona milima mpaka mwisho wa macho. Maua yatakusubiri safari ya pili.

Gari

Kwenye mwinuko wa Kitulo hewa ni pungufu kwa takriban robo ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kama hichohicho. Gari lililokuwa likipanda kwa gia ya tatu pale Iringa litaomba ya pili, na ya pili itaomba ya kwanza. Usidhani limeharibika. Punguza mzigo, shusha gia mapema kabla halijaanza kutetemeka, na acha kushindana na mlima.

Wiki moja kabla ya safari lipeleke gari kwa fundi, wewe mwenyewe ukiwepo. Mwambie afungue magurudumu yote manne akuoneshe pedi za breki kwa macho yako, maana safari hii inaua breki kuliko kitu kingine. Aangalie oili ya breki, kimiminika cha rejeta, mikanda, mipira ya maji na betri. Betri chovu inayowasha gari vizuri pwani itakusaliti alfajiri ya Makete. Waipa ziwe mpya, kwani ukungu wa kule unalowesha kioo kama manyunyu. Halafu spea tairi. Fundi mmoja aliwahi kuniambia amekagua kila kitu; nilipopata pancha juu ya uwanda, spea ilikuwa imelala kabisa, haina upepo. Tangu siku hiyo nashika kipimo cha upepo kwa mkono wangu, napima spea kwanza kisha yale manne.

Beba jeki na spana ya magurudumu inayoingia kwenye nati zako kweli (jaribu nyumbani), pembetatu za kuakisi mwanga, kizima moto, kamba nene ya kuvutia, koleo au jembe, vipande viwili vya ubao, tochi ya kichwani, na maji lita ishirini. Maji hayo ni ya watu na ya rejeta. Rejeta ikichemka usifungue mfuniko. Kule juu maji huchemka kwenye nyuzi joto 91 hivi, na ukiondoa mgandamizo yanakurukia usoni mara moja. Zima, subiri nusu saa, ndipo ufungue kwa kitambaa kinene.

Mafuta: jaza tangi Njombe, ongeza Makete mjini. Kuanzia hapo mpaka ufike Chimala au Uyole, kwenye barabara kuu ya Mbeya, usiweke kituo cha mafuta kwenye hesabu yako. Na kwa kuwa injini inahangaika kupanda, ulaji wa mafuta utazidi uliouzoea.

Mwili na baridi

Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi sita hivi. Iringa mjini iko kwenye mita 1,600 na ushei, Njombe inakaribia 2,000, Kitulo inaanzia 2,600. Kwa hiyo koti lililokutosha Iringa halitakutosha Makete, na usiku wa Julai umande huganda ukawa barafu juu ya majani. Nguo za tabaka ndizo zinazosaidia: fulana, sweta, koti la kuzuia upepo, kofia ya kufunika masikio, soksi mbili. Mchana jua linaunguza hata ukiwa unatetemeka, kwa sababu hewa nyembamba haizuii mionzi. Beba kofia ya ukingo na mafuta ya midomo.

Kichwa kikianza kugonga baada ya kufika juu, kunywa maji, kula, tembea polepole. Kwa wengi huisha kesho yake. Kikizidi, na kutapika kukaongezeka, dawa ni kuteremka. Ndiyo maana njia hii inapanda kwa ngazi: Iringa, Njombe, Makete, Kitulo. Anayetoka Dar na kulala Kitulo usiku uleule anajitafutia.

Sasa jambo ambalo naomba ulisome mara mbili. Kwenye baridi ya Njombe na Makete, watu huingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Chumba kikifungwa, unasinzia na huamki. Wanaondoka familia nzima kwa namna hiyo. Mhudumu wa gesti akikuletea jiko kwa ukarimu, mshukuru, oteni wote nje au ukumbini mlango ukiwa wazi, kisha litolewe kabla hujalala. Omba blanketi la ziada na maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu uweke miguuni. Hali kadhalika usilale garini injini ikiwa inanguruma na vioo vimefungwa.

Siku ya 1: Iringa

Fika mapema, usiendeshe tena. Mji umekaa kilimani juu ya Ipogolo, ambako Ruaha Mdogo unapita. Kumbuka mto huo, tutakutana na ndugu yake. Nunua sokoni vitu vya njiani: karanga, ndizi, sukari, majani ya chai. Jioni panda Gangilonga, jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Ni mazoezi mazuri ya mapafu, na mji wote unauona miguuni pako.

Ukifika na mchana mzima, nenda Kalenga, kilomita kama 15 kwenye njia ya Hifadhi ya Ruaha. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Ngome ikavunjwa 1894, naye akafa 1898 bila kukamatwa. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limehifadhiwa hapo. Wahehe hupaingia kwa heshima. Vua kofia, uliza kabla ya kupiga picha.

Salamu ya huku ni "Kamwene", na jibu ni "Kamwene" hilohilo. Itakufaa hadi Njombe kwa Wabena. Kwa mzee, shikamoo haina mbadala.

Siku ya 2: Isimila, Mafinga, Njombe

Toka saa 12 asubuhi. Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, upande wa Mbeya, na inataka jua la asubuhi. Lipa kiingilio, chukua mwongoza wageni wa hapo, ushuke naye korongoni.

Kabla ya miaka laki mbili na nusu iliyopita hapa palikuwa na ziwa lenye kina kifupi. Watu wa kale walikaa kandokando yake, wakachonga mashoka ya mawe, na mabaki ya viboko wa aina iliyokwisha kutoweka yamepatikana pamoja nayo. Ziwa likakauka, tope lake likagandamana tabaka juu ya tabaka. Mahali hapa palitambuliwa na wataalamu mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ukafanyika 1957 na 1958. Nguzo ndefu za udongo zilizosimama korongoni zimechongwa na mvua tu: palipokuwa na tabaka gumu kileleni, udongo wa chini ukakingwa; palipokosa, ukaliwa. Ziguse kwa kidole taratibu na utaona chembe zinadondoka. Sasa elewa kwa nini hairuhusiwi kuzipanda. Mashoka ya mawe bado yapo chini, marefu kama kiganja na vidole vyake, yenye ncha mbele na kitako cha mviringo kinachokaa mkononi kana kwamba kilipimwa kwako. Shika, tazama, rudisha palepale.

Ukitoka hapo, Mafinga ni mwendo wa saa moja na kidogo. Utapita misitu ya misonobari ya Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini. Angalia malori ya magogo yanayoingia barabarani polepole. Chakula cha mchana Mafinga au Makambako. Mwenye siku ya ziada anaweza kukata kushoto pale Nyororo akaione Mufindi na mashamba yake ya chai. Ni pazuri, ila siku hizi saba hazipatoshi.

Kwenye barabara hii malori ya Zambia na Kongo ni mengi, na vijiji ni vingi. Alama ya 50 ikionekana, shuka 50 kweli, hata kama wa nyuma yako anapiga honi. Kwenye mteremko usilipite lori kwa kudhani linakwenda taratibu. Huenda breki zake ndizo zinazohangaika.

Makambako ndipo unapokata kushoto kwenda Njombe, kilomita 60 hivi za lami. Hapo hewa inabadilika ghafla. Lala Njombe. Kaanga viazi vya Njombe, uvile na parachichi, na kama ni masika utaona ulanzi, pombe ya mianzi, ukiuzwa njiani. Ulanzi mtogwa ni mtamu na unamdanganya mgeni kwamba ni juisi. Dereva asiuonje hata kidogo. Kule mbele kuna kona.

Siku ya 3: Njombe hadi Makete

Ni kilomita 107 na ni lami. Utasikia watu wakisema ni saa mbili. Wewe weka nne, kwa sababu barabara inapanda na kushuka mabega ya milima ya Kipengere kama mshono, na kila kona ina kitu cha kutazama. Asubuhi, kabla hujatoka mjini, pita maporomoko ya Luhuji. Yako karibu, nusu saa inatosha.

Ukungu ndio adui wa siku hii. Huja bila taarifa, unaona jua kona hii, kona inayofuata huoni boneti yako. Washa taa za chini, si zile kali, maana kali hugonga ukungu na kukurudia machoni. Shuka mwendo hadi uweze kusimama ndani ya umbali unaouona. Ukilazimika kusimama, toka kabisa nje ya lami ndipo uwashe hazadi. Ukiziwasha ukiwa unatembea, wa nyuma hatajua kama unakata kona. Piga honi kabla ya kila kona iliyofichika.

Makete mjini wanakuita Iwawa. Ni nchi ya Wakinga, watu wa biashara na kazi, na mashamba yao ya ngano, pareto na viazi yanapanda hadi mahali ambapo ungedhani hata mbuzi hapiti. Msimu ukiwa wake, utapata matufaha na mapeasi ya hapohapo. Fika kabla ya saa 10 alasiri, jaza mafuta, pima upepo wa matairi yakiwa ya baridi, kisha fanya kazi ya maana kuliko zote: uliza barabara ya kesho, ya kuvuka uwanda hadi Matamba, upande wa pili.

Usiulize mtu mmoja. Muulize dereva wa Noah aliyetoka huko leo, muulize bodaboda, muulize mzee. Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, nilimkuta mzee ameketi nje ya duka na koti zito.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mnaelekea wapi?"

"Matamba, baba, kwa kupitia Kitulo. Barabara ikoje?"

Hakujibu mara moja. Aliangalia mlimani, akaangalia matairi yangu. "Kule mvua imenyesha tangu jana. Udongo ule ukilowa hauna rafiki. Laleni hapa. Jua likipiga hadi saa sita kesho, mtapita."

Tulilala. Kesho yake tulipita, na njiani tulikuta gari mbili zilizotangulia zikiwa mtaroni.

Siku ya 4 na ya 5: juu ya uwanda

Hapa lami usiitegemee. Ondoka jua likiwa limekwisha kuchomoza na barafu imeyeyuka. Kama kioo cha mbele kimeganda, usimwage maji ya moto. Julai moja nilimwona dereva wa gari la jirani akimwaga maji ya chai kutoka chupa ya moto. Kioo kililia mlio mmoja mkavu, na ufa ukatembea kutoka chini hadi juu mbele ya macho yetu. Washa injini, elekeza hewa ya joto kiooni, kwangua taratibu kwa kadi ya plastiki. Dakika kumi.

Barabara inapanda, nyumba zinapungua, miti inapungua, halafu ghafla hakuna kitu mbele yako ila majani na anga. Sehemu ya uwanda ni shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa, nyingine ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa rasmi mwaka 2005, kilomita za mraba 412.9. Ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya tropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea. Usitegemee tembo. Hapa unashuka garini na kutembea.

Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Unapewa kontroo namba na kulipa kwa simu au benki. Kwa kuwa mtandao juu ni wa kubahatisha, wasiliana na ofisi ya hifadhi iliyoko Matamba ukiwa bado Njombe au Makete, ulipie kabla, na uhifadhi picha ya risiti kwenye simu. Beba kitambulisho cha taifa ili utozwe kama Mtanzania. Uliza pia habari ya askari wa kukusindikiza ukitaka kupanda Mtorwi, mlima wa mita 2,961, miongoni mwa mirefu kabisa ya kusini.

Namna ya kuutazama uwanda ni hii: zima gari, tembea hatua mia moja kutoka barabarani, kisha chuchumaa. Ukiwa umesimama unaona majani tu. Ukichuchumaa, hasa Februari, unaona okidi nyeupe iliyo fupi kuliko kidole, nyingine ya zambarau yenye madoa kama yamepigwa na sindano, nyingine ya njano inayonesa kwa upepo na kurudi. Mabawa ya wadudu yanasikika. Kaa hapo muda wa kunywa chai.

Usichume. Usichimbe kabisa. Viazi vya okidi hizi huliwa Zambia kwa jina la chikanda, na biashara hiyo imekausha maua mengi kwenye nyanda hizi. Kila kiazi kinachong'olewa ni mmea uliokufa. Ukiuziwa njiani, kataa kwa adabu. Na usitoke na gari nje ya njia hata kama majani yanaonekana magumu, kwa sababu chini ni kinamasi. Maji unayoyasikia yakichuruzika yanakwenda kuulisha Ruaha Mkuu, yule ndugu wa mto wa Ipogolo. Yatapita Usangu, yatapita kwenye mpunga wa Mbarali, yatapita hifadhini Ruaha, yatakutana na Ruaha Mdogo, ndipo yaingie mabwawa ya Mtera na Kidatu kuwasha taa za watu wasiojua Kitulo iko wapi.

Chakula upikie mapema. Kwa kuwa maji yanachemka kabla hayajapata joto la kutosha, maharage yatakutesa. Chemsha Makete ubebe yaliyoiva. Wali unahitaji maji zaidi na subira.

Ukilala Matamba usiku wa nne, rudi uwandani siku ya tano bila mizigo. Siku hiyo ndiyo moyo wa safari. Wanaoikata ili wafike Mbeya mapema wananiuma, maana wametoka mbali kote huko wakapita tu.

Kuhusu tope: ukiona dimbwi refu, simama, shuka, lipite kwa miguu na fimbo. Likikubali, weka fo-wili kabla ya kuingia, gia ya pili, mwendo mmoja, usikanyage mafuta ghafla wala usibadilishe gia katikati. Gurudumu likianza kuzunguka bila kwenda, acha. Kila mzunguko unachimba kaburi la tairi. Chimba mbele ya magurudumu, tandika ubao, toka taratibu. Wenyeji watakuja kusukuma hata hujawaita. Washukuru kwa maneno na kwa kitu mkononi.

Siku ya 6: kuteremka

Njia ni mbili. Ya kwanza inatoka uwandani kupitia Kikondo hadi Isyonje, unaingia barabara ya Tukuyu kwenda Mbeya. Ni ya taratibu, inapita mashamba ya viazi ya Uporoto, na ukiwa na nguvu unaweza kupanda kwa miguu ukaione Ngozi, ziwa lililojaza shimo la volkano katikati ya msitu. Mvua ikinyesha, mimi huchagua hii.

Ya pili inatoka Matamba hadi Chimala, na jina lake linajieleza: Hamsini na Saba, idadi ya kona zake. Unatoka kwenye baridi ya koti na kuangukia bonde la Usangu lililo mita 1,100 hivi, joto limekuchoma hata hujavua sweta. Ni barabara ya kupita udongo ukiwa mkavu na mchana, basi.

Namna ya kushuka: kabla ya kona ya kwanza simama, jaribu breki, weka gia ambayo ungeitumia kupanda mlima huohuo. Gari la oto liweke kwenye 2 au L, usiache D. Injini ndiyo ikushikilie. Breki iwe ya kusaidia, unakanyaga kwa uthabiti, unapunguza, unaachia ipoe. Anayeegesha mguu juu ya breki mlima mzima anazichemsha, na breki zilizochemka hukanyagika hadi sakafuni bila gari kusimama. Ukisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, tafuta mahali tambarare, simama, weka mawe kwenye magurudumu, pumzika nusu saa. Usizimwagie maji, chuma kitapinda. Usizime injini na kuteleza ili kuokoa mafuta, hata mita kumi. Ukikutana na anayepanda mahali pembamba, wewe unayeshuka ndiye wa kumpisha, kwa kuwa yeye akisimama huenda asiondoke tena. Ukiwa bado unashuka, simama pembeni mara moja au mbili, mahali unapoonekana, watu washuke wautazame Usangu: tambarare iliyotandikwa kama mkeka hadi isipoonekana.

Chimala kula wali, uko kwenye nchi ya mpunga. Kisha kilomita 80 hivi za barabara kuu hadi Mbeya.

Siku ya 7: Mbeya

Mji uko kwenye mita 1,700, umeegemea mlima Loleza. Mwenye miguu iliyobaki na nguvu anaweza kupanda huko asubuhi. Mwingine aende Mbozi akaone kimondo, bonge la chuma kutoka angani lenye urefu wa mita tatu hivi. Wa tatu ashinde Mwanjelwa sokoni akinunua mchele wa Kyela, maharage na ndizi za Tukuyu. Ukikutana na mama wa Kinyakyusa akakupunguzia bei, mwambie "ndaga fijo", ahsante sana, utaona uso wake.

Lakini kabla ya hayo yote, gari lipelekwe kwa fundi. Lioshwe chini, maana tope la Kitulo likikauka kwenye breki na shokapu linakuwa kama saruji. Afungue tena magurudumu akuoneshe pedi zilivyobaki. Baada ya Hamsini na Saba, nilishakuta mpya zimeisha nusu. Akaze nati zote, akague matairi upande wa ndani, ambako mawe hukata bila wewe kuona. Kama unarudi Dar kwa barabara kuu, mlima Kitonga unakusubiri, na huo pia ni mteremko.